Jeli ya nywele ninayopika mwenyewe, na ushauri nilioutupa

Nywele zangu ni kipilipili hasa, na tangu niache dawa ya kunyoosha nywele nimeshauriwa na kila mtu aliyewahi kushika kitana. Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni ule wa "zimekauka hizo, zipake mafuta." Nazi asubuhi, nyonyo usiku, kesho nazi tena. Foronya zikawa na madoa ya mafuta na nywele zikaendelea kukatika, kwa sababu mafuta hayana tone la maji ndani yake. Kinacholainisha nywele ni maji. Mafuta kazi yake ni kuyazuia yasikauke haraka, kwa hiyo yanapakwa juu ya nywele zilizolowa, si juu ya nywele kavu. Laiti ningeambiwa hivyo mapema, ningeokoa nywele nyingi za mbele.

Lakini mafuta hayashiki mtindo. Sokota twisti asubuhi hapa Dar es Salaam, na kabla ya adhuhuri joto na unyevu vimeshazifumua. Jeli za dukani nilizojaribu zilishika, ila zilipokauka ziliacha unga mweupe na nywele zikawa ngumu. Ndipo nikageukia mbegu za kitani.

Zinapatikana Kariakoo kwenye maduka ya viungo na unga wa lishe. Ukisema kitani wasikuelewe, sema flaksi. Supamaketi zipo pia, ila bei huko ni ya kumuumiza mtu. Shilingi elfu chache zinakupa mfuko wa kupikia mara nyingi sana. Nunua mbegu nzima. Zilizosagwa zitakutolea uji, na uji huo ukiingia kichwani utauchanua hadi ukome.

Kipimo changu ni robo kikombe ya mbegu kwa vikombe viwili vya maji. Kuchemsha si kazi. Kazi ni kuchuja, na hapo ndipo dada mmoja wa saluni aliponiponza. Aliniambia kwa uhakika kabisa: chemsha mpaka iwe nzito, acha ipoe vizuri, halafu chuja. Nikafuata neno kwa neno. Ikapoa. Nikaimimina kwenye chujio la chai, haikushuka. Nikahamia chujio la nazi, ikaning'inia chini ya matundu na kukataa kuanguka. Nikaikandamiza kwa mgongo wa kijiko, mbegu ndizo zikaanza kupenya, jeli ikabaki juu. Mwisho nikachukua kipande cha kanga kuukuu nikakamua kwa nguvu zangu zote. Ute ukapenya katikati ya vidole, ukateremka mpaka kwenye viwiko, kanga ikanywa sehemu kubwa, na bakuli likapata kama vijiko viwili hivi. Sufuria nzima, vijiko viwili!

Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni akinitazama. Huyu ni mtu ambaye akipika supu hufunga viungo kwenye kitambaa ili watoto wasitafune karafuu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, kwa nini hukuzifunga kabla hujazichemsha?"

Sijawahi kupewa ushauri bora kuliko huo katika habari nzima ya nywele. Tangu siku hiyo mbegu zinaingia kwenye soksi nyembamba ndefu ya kike, mpya na iliyofuliwa, nafunga fundo juu na kuacha nafasi kubwa kwa sababu mbegu hufura. Soksi inaingia kwenye sufuria na kuchemka humo humo. Ninakoroga maji kuizunguka na kuigeuza kwa mwiko ili isishike chini. Maji yakianza kudondoka kutoka kwenye mwiko kwa kamba nyembamba, kama ute wa yai, nazima moto papo hapo. Itaonekana nyepesi mno, usidanganyike, huwa nzito zaidi inapopoa. Kisha nainua soksi ingali moto, naining'iniza juu ya sufuria na kuibana kwa koleo la jikoni kutoka juu kwenda chini. Jeli yote inashuka, mbegu zinabaki ndani. Viwiko vyangu vikavu. Na mbegu hizo hukubali kuchemshwa tena, ingawa mkupuo wa pili huwa mwepesi.

Bamia pia hutoa ute mzuri, zikate na kuzichemsha vilevile, ila kwenye nywele zangu hazishiki kama kitani. Alovera naongeza kidogo ikiwepo. Likate jani, lisimamishe ule utomvu wa njano utoke wote kwanza, la sivyo utajikuna. Gliserini siweki kabisa. Huvuta unyevu wa hewani, na wakati wa masika hapa pwani unyevu ni mwingi, nywele zinafura na twisti zinapoteza umbo. Wanaoandika mapishi yenye vijiko vya gliserini hawaishi karibu na bahari hii.

Na jamani, habari ya "weka mafuta ya karafuu haitaoza" iachwe. Karafuu zinanukia na huzuia vijidudu kidogo, lakini hazitoshi kuilinda isioze. Jeli hii ni maji yenye chakula ndani yake, kuvu na bakteria wanaipenda. Hata vitamini E husaidia mafuta yasichache upesi, haiui kuvu. Mimi naweka ya wiki moja kwenye friji, nyingine naigandisha kwenye kile kisahani cha vipande vya barafu, kisha natoa vipande ninavyohitaji. Ikinuka uchachu au ikibadilika kuwa majimaji, inamwagwa, hata kama ni jana tu nimeiyeyusha. Umeme wetu mnaujua.

Kabla ya kupaka juu ya krimu yoyote, changanya kidogo ya vyote viwili mgongoni mwa mkono. Vikigawanyika kuwa vidonge vyeupe, havipatani, na kichwani vitaonekana kama mba. Vikibaki laini, endelea, kwenye nywele zilizolowa. Twisti nilizomsokota binti wa dada yangu zilivuka sendofu nzima pamoja na kucheza mpaka usiku, na msusi mmoja pale ukumbini aliuliza ni jeli ya duka gani.

Kwa kufungia maji natumia siagi ya shea inayotoka kaskazini mwa Uganda, ambayo ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Wengi huitupa ikifanya chengachenga wakidhani imeharibika. Haijaharibika, imepoa polepole. Iyeyushe yote kwa moto mdogo, sufuria juu ya maji ya moto, kisha iingize kwenye friza ipoe haraka, itarudi laini. Kwa joto la Dar hubaki majimaji, hivyo nayeyushia nta ya nyuki kidogo sana, ya Tabora nikiipata. Ikizidi haitoki kichwani hata kwa shampuu. Kopo la dada yangu aliyeko Njombe siweki nta, kwa kuwa huko mwezi wa sita hata mafuta ya nazi matupu huganda kama jiwe na inabidi ayachote kwa kijiko.