Kwikwi ya Baba

Usiku wa tatu baada ya Baba kuwekewa betri ya moyo, Mama aliniita chumbani kwao. Baba alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, shati limefunuliwa, na tumbo lake, pale chini ya mbavu, lilikuwa likishtuka kama la mtu mwenye kwikwi. Sauti ya kwikwi haikuwepo. Niliweka kiganja pale, nikatazama saa ya simu, nikahesabu dakika nzima: 70. Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo: 70. Tumbo na moyo vilikuwa vinakwenda pamoja.

"Akilala chali inapungua," Mama alisema. "Akirudi kushoto inaanza tena."

Ilikuwa mwaka 2017. Tulifikia kwa shangazi, Dar es Salaam, kwa sababu daktari hakutaka Baba arudi Muheza kabla kidonda hakijakaguliwa. Baba ni mkulima wa machungwa. Alikuwa na miaka 71, na miezi ile alikuwa anaanguka. Anaanguka tu, kikapu mkononi, halafu baada ya muda mfupi anafumbua macho na kuuliza mbona tumemzunguka. Zahanati moja ilimtibu malaria mara mbili, nyingine ikamwambia apunguze chumvi. Mpaka leo inaniuma kwamba kote huko hakuna aliyemshika mkono akahesabu mapigo. Aliyekuja kuyahesabu alipata 34. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika.

Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba njia imekatika katikati: vyumba vya juu vinatoa amri, vya chini havisikii, vinajipigia vyenyewe polepole. Hakuna kidonge cha kuunga njia hiyo. Walimchoma ganzi chini ya mtulinga wa kushoto, wakapitisha waya ndani ya mshipa hadi chumba cha chini cha kulia, wakaunganisha na kijisanduku chembamba chenye upana wa uso wa saa kubwa ya mkononi, wakakifukia chini ya ngozi. Kesho yake Baba alikula wali akiwa amekaa wima. Tulimshukuru Mungu, tukadhani kazi imekwisha.

Sasa kwikwi hii. Shangazi alisema kitolewe, mwili umekikataa. Baba mwenyewe aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiki kitu kinanitumikia mimi, au mimi ndiye ninayekitumikia?" Nilikosa la kumjibu.

Asubuhi tulirudi hospitali. Kwanza walimpiga picha ya kifua, maana waya ukichomoka au ukitoboa ukuta wa moyo unaweza kuleta mambo kama yale. Waya ulikuwa palepale ulipowekwa. Tukapelekwa kwenye chumba kidogo chenye kitanda na mashine iliyofanana na kompyuta mpakato nene, na kutoka kwenye mashine ulitoka waya wenye kichwa bapa cha plastiki. Mtaalamu alikuwa binti, mdogo kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo sikuchomi wala sikupasui. Nataka kuongea na betri yako tu."

Akakilaza kile kichwa cha plastiki kifuani, juu ya bandeji. Namba zikajipanga kwenye skrini: mapigo 70, nguvu volti 5. Alinieleza kwamba umeme wa kuusukuma moyo ukizidi nguvu huvuka na kugusa kiwambo, ule msuli wa kupumulia ambao moyo umeukalia. Moyo unapiga, na kiwambo nacho kinaruka.

Kisha akaanza kupunguza. Volti 3. Volti 2. Volti 1. Kwenye skrini kila mstari mwembamba wa betri ulifuatwa na wimbi pana, ndilo pigo la moyo. "Mzee, ukisikia kizunguzungu sema." Kwa 0.75 wimbi lilikuwepo. Kwa 0.5 mstari ulisimama peke yake. Baada yake, kimya. Mstari mwingine, kimya. Vidole vya Baba vilikaza vyangu na macho yake yakapanda juu. Binti alikuwa ameshabonyeza, wimbi likarudi.

"Pole, mzee. Nimepata nilichokuwa natafuta."

Labda zilipita sekunde mbili. Lakini nilikuwa nimeliona kwa macho yangu shimo ambalo Baba alikuwa akitumbukia kule shambani, peke yake, katikati ya michungwa.

Aliiweka kwenye volti 2.5. Nilimuuliza kwa nini asiiache kwenye 1 ikiwa 0.75 inatosha. Akasema wiki za mwanzo nyama inayouzunguka waya huvimba na moyo huhitaji umeme zaidi, kwa hiyo lazima kuwe na akiba. Baadaye, hali ikitulia, atapunguza tena ili betri idumu miaka mingi. Akamwambia Baba ageukie kushoto. Tukangoja, wote watatu tunalitazama tumbo la mzee. Halikushtuka.

Baadaye nilisoma habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kupandikizwa kifaa cha namna hii, mwaka 1958. Kile cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu, lakini yeye aliishi hadi 2001, akibadilishiwa kimoja baada ya kingine. Vifaa vya mwanzo vilipiga kama vilivyotoka kwa fundi. Kubadilisha namba kutoka nje ya mwili kulianza kuenea miaka ya 1970. Nilipolisoma hilo nilinyamaza muda mrefu. Kwa zama za nyuma, kwikwi ya Baba ingemrudisha kwenye kisu.

Kabla hatujaondoka binti aliwasha kitu kingine, kihisi cha mwendo, akamtembeza Baba ukumbini kwenda na kurudi. Mapigo yalipanda hadi 88. "Hiyo ni ya kupandia mlima wa kwako," alisema. Baba alicheka, mara ya kwanza tangu tutoke Muheza.

Usiku ule Mama hakuniita. Nilikwenda mwenyewe saa nane, nikasukuma mlango taratibu. Baba alikuwa amelalia kushoto, shati limefunuliwa, tumbo likipanda na kushuka kwa pumzi tu.