Kishikio cha beringi kilichokuwa kikipasuka: jinsi nilivyotatua

Kishikio cha beringi cha mashine yetu ya kupukuchua mahindi hakipasuki tena, nami naandika ili mwenzangu anayebuni kitu kama hicho asihangaike. Kishikio chenyewe ni bamba la chuma lililokunjwa; ufa ulianzia nje ya kona ya mkunjo, mtetemo wa shafti ukaumalizia.

Tulijaribu bamba nene zaidi, likapasuka mapema zaidi. Tukachomelea vipande viwili, joto likavuta chuma na beringi zikakosa mstari. Kusubu alumini, yaani kuiyeyusha na kuimimina, kulihitaji kalibu, gharama isiyolipa kwa oda ya mashine chache.

Kilichofaa ni kukunja kulekule, ila kwa kuangalia mwelekeo wa chuma. Bamba likipitishwa kwenye rola kiwandani hupata nyuzi kama ubao, na mkunjo ukienda sambamba nazo, kona hufunguka. Bamba zima kwa kawaida nyuzi zake hufuata urefu. Sisi tulikuwa tunatumia mabaki, hujui upande. Basi nikakata vipande viwili vyembamba, kimoja kwa urefu na kimoja kwa upana, nikavikunja kwenye jiriwa. Kimoja kilitoa nyufa kama nywele, kingine kikabaki laini. Nikafuata mwelekeo wa hicho kilichobaki laini.

Kisha nikalainisha kingo kwa tupa, nikakunja bamba la milimita 4 juu ya nondo ya milimita 8 badala ya pembe kali, na matundu ya beringi nikayatoboa mwisho, baada ya kukunja. Kwenye mchoro nimechora mshale wa nyuzi, maana anayekata akitaka kuokoa chuma atageuza kipande.