Injini ya silinda nne ambayo haijafunguliwa inabeba nguvu kiasi gani

Wengi huuliza kwa nguvu farasi, lakini kinachopinda konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) ni msukumo wa gesi juu ya pistoni, na huo huonekana kwenye torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Chukua injini inayotoa Nm 300 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika: hizo ni kama nguvu farasi 253. Nyingine inatoa Nm 400 kwenye mizunguko 3,000, nguvu farasi 168 tu, na hiyo ndiyo inayozitesa konrodi zaidi. Kwa hiyo turbo (feni inayosindilia hewa ndani ya injini) ndogo inayojaa mapema naiogopa kuliko kubwa inayochelewa. Mizunguko mingi nayo huvuta boliti za konrodi: ukipandisha kikomo cha mizunguko kutoka 6,500 hadi 7,500, mvuto unaongezeka kwa theluthi moja hivi.

Injini iliyozaliwa na turbo ina akiba ya uimara. Injini ya 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution ina bloku ya chuma, uwiano wa mgandamizo wa 8.8:1 hivi na vinyunyizi vya oili chini ya pistoni. Kuiongezea robo ya nguvu yake si jambo la kutisha, mradi petroli inatosha. 1NZ-FE ya Toyota, isiyozaliwa na turbo, yenye bloku ya alumini na mgandamizo wa 10.5:1, ni habari nyingine kabisa. Ukiifunga turbo, mimi nisingevuka presha ya turbo ya bari 0.4.

Muuaji mkubwa ni injini kugonga: mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Pistoni za kawaida za kiwandani hupasuka kwenye ukingo ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Chomoa plagi uikague kwa kioo cha kukuzia. Ukiona chembe za alumini zinazong'aa juu ya kauri nyeupe, pistoni imeanza kuliwa. Usiiwashe tena injini kwa presha hiyo ya turbo.

Ukingo huohuo huvunjwa pia na joto, pale ringi inapotanuka hadi ncha zake zikagusana. Silinda ya mm 86 isiyo na turbo hutosheka na pengo la mm 0.35 hivi, yenye turbo hutaka 0.45 hadi 0.5. Pengo hilo halibadilishwi bila kufungua injini, na mara nyingi hapo ndipo kikomo kilipo, hata bloku ikiwa imara.

Kabla ya yote pima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaijenga. Silinda zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Weka plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka) kwa daraja moja, pengo mm 0.7. Pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa yote, hewa kwa petroli iwe 11.5 hadi 12 kwa 1, na nozeli za petroli zisivuke asilimia 85 ya uwezo wao. Uwiano huo ukianza kupanda kwenye mizunguko ya juu, pima presha ya pampu ya petroli kabla hujagusa ramani ya mafuta (jedwali la kiasi cha petroli kwenye kompyuta ya gari). Kama kompyuta ya gari inaruhusu kupanga presha ya turbo kulingana na mizunguko, ishikilie turbo chini mpaka 3,500, kisha iachie ipande taratibu.