Penseli Inaanzia Begani: Siku Yangu Moja Chekechea, Nyalenda

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Nimelala nimechelewa kwa sababu ya vifuko. Nimeshona saba kutoka kwenye jinzi kuukuu ya mume wangu, nikavijaza mchanga niliouanika juani siku mbili. Kimoja kina uzito wa karibu nusu kilo. Mume wangu ameuliza mara ya tatu jinzi yake iko wapi. Namwekea chai mezani na kuondoka kabla ya swali la nne.

Saa moja kasorobo

Mvua ya Aprili imepiga usiku kucha, na huku Nyalenda, mtaa wa Kisumu, udongo mweusi ukilowa unakuvua kiatu. Napitia kwa fundi wa pancha aliyeniahidi tairi kuukuu la lori. "Madam, rudi jioni." Wiki ya pili hii ananiambia jioni.

Saa mbili

Watoto arobaini na tatu, PP1 na PP2 pamoja, yaani madarasa mawili ya chekechea, wengi wa miaka minne na mitano. Hakuna anayeketi kwanza. Kwenye baraza nimepanga njia: mbao juu ya matofali, magunia ya kutambaa chini yake, mistari ya chaki ya kuruka kwa mguu mmoja, na mwishoni jerikani za lita tano zenye maji nusu, za kubebwa hadi mlangoni. Wanapita mara mbili mbili, kisha ndipo tunaimba na kuita majina.

Shuleni nilikariri hisi tano kama kila mtu. Baadaye, kwenye warsha, mkufunzi wetu, mtaalamu wa okupesheno therapi (tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli za kila siku), akatuongezea mbili. Moja iko ndani ya sikio: mirija mitatu midogo yenye majimaji kila upande, inayomwambia mtoto kichwa kinageuka au kinazunguka. Nyingine iko kwenye misuli na viungo, ile inayokuwezesha kutia tonge mdomoni gizani bila kukosea. Alimtaja Jean Ayres, Mmarekani aliyeeleza kuanzia miaka ya 1960 jinsi ubongo unavyozipanga habari hizi zote. Wataalamu wenyewe bado wanabishana tiba yake inasaidia kiasi gani, na mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba mtoto asiyejua mwili wake umekaaje kwenye benchi hutumia akili yote kutoanguka, na herufi "a" inabaki bila wa kuitazama.

Nina kijana wa PP2 ambaye wenzake walimwita Mpasua, maana akiandika karatasi inapasuka na penseli inavunjika. Akimsalimia mtu, anamgonga. Mwalimu wa zamani alikuwa ameshamwandika mkorofi. Mimi naona mtoto asiyepata habari kamili za nguvu zake, kwa hiyo anasukuma mpaka ahisi kitu. Siku anazobeba jerikani mbili badala ya moja, benchi lake hutulia.

Saa tatu

Mvua tena. Anayesomesha chini ya mabati anajua maana yake: huwezi kusikia hata sauti yako. Binti mmoja anaziba masikio na kujisukuma chini ya meza. Zamani ningemvuta nje. Leo nampa vifuko viwili vya mchanga mapajani na leso kichwani, namwacha hapohapo. Mvua ikipungua atatoka mwenyewe, na anatoka, akidai vifuko ni vyake.

Saa nne

Uji wa wimbi. Kila mtoto anamimina wake kutoka kwenye kikombe kikubwa. Unamwagika, tunapangusa.

Saa nne na nusu

Meza tatu. Moja ya udongo wa kichuguu, wanafinyanga nyoka na ng'ombe. Moja ya kubana pegi za nguo kwenye kamba. Ya tatu ni ya kupukuchua mahindi, lakini hiyo ni ya PP2 tu. Mwaka jana mtoto wa PP1 alijitia haragwe puani, tukakimbia naye zahanati, na mama yake akaniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Tangu siku hiyo punje hazikaribii watoto wadogo.

Hapo ndipo baba yake Mpasua anapoingia, helmeti mkononi. Ni mwendesha boda.

"Mwalimu, nilinunua daftari mbili. Moja imeraruka, nyingine haina kitu. Kwa jirani wanaandika mpaka mia moja. Sisi tunalipia udongo?"

"Karibu baba. Hebu nisaidie kitu kimoja."

Namsimamisha kwa mguu mmoja, nampa penseli, namwomba aandike jina lake ubaoni bila kuegemeza mkono. Anacheka, anaandika, jina linapanda na kushuka kama barabara ya Kakamega. Watoto wanashangilia. Namwonyesha kifundo changu cha mkono. Mtu mzima ana mifupa midogo minane hapo. Mtoto huzaliwa yote ikiwa gegedu, na akiwa na miaka minne au mitano baadhi bado haijawa mfupa. Bega likiwa legelege, kiwiko kinatangatanga. Kiwiko kikitangatanga, vidole vinaishika penseli kwa ngumi. Nikimlazimisha ajaze ukurasa sasa, atajifunza ngumi, na kuja kuiondoa ngumi hiyo ni kazi ya miaka.

"Na nyumbani anacheza nini?"

Anakuna kichwa. Chumba ni kimoja, nje pikipiki zinapita mbio. "Hata mimi naiogopa ile barabara. Tunampa simu."

Simlaumu. Sisi tulicheza kati, tukaruka kamba, tukateka maji na kupanda miembe, hakuna aliyeyaita hayo masomo. Kiwanja kikiisha, mtoto wa mtaani anapoteza vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu.

"Pikipiki unaiosha jioni?"

"Kila siku."

"Mpe yeye kitambaa. Akichovye, akikamue mpaka kikauke, apanguse mudigadi. Asitumie mashine, atumie mikono."

Anavaa helmeti. "Sawa. Lakini mwezi wa saba nataka kuona jina lake." Namwambia hata mimi nalitaka.

Saa sita

Wanaenda nyumbani. Nafagia mahindi.

Saa nane

Natembelea nyumba moja. Mjukuu wa PP1 anatumia mkono wa kulia tu; wa kushoto ameukunja kifuani, na mguu wa upande huohuo unaburura. Hiyo si ya kungoja, wala si ya jerikani. Bibi yake, ambaye mtaa mzima unamwita Dani, anachambua osuga, yaani mnavu, mlangoni.

"Dani, ningependa aonwe na wataalamu."

"Tumemwombea, mwalimu."

"Muendelee, Dani. Na Jumatatu twende pamoja EARC."

Vituo hivyo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalum vipo nchini tangu 1984, na bado wazazi wengi huvijua mtoto akishafika darasa la nne. Dani ananyamaza muda mrefu. Kisha anamwita mtoto, anamwekea rundo la osuga katikati ya miguu, anaukunjua ule mkono wa kushoto taratibu na kuuwekea shina la kushika. Hakuna aliyemfundisha hivyo. "Jumatatu saa ngapi?" ananiuliza.

Saa kumi na moja jioni

Tairi lipo! Ila ni la lori kweli, halibebeki. Nalisimamisha, nalisukuma hatua ishirini, mgongo unakataa. Nyuma yangu nasikia, "Tichaa, wacha mimi." Ni Mpasua, shati limelowa kifuani, kitambaa cha pikipiki kikining'inia begani. Anaegemeza mabega yote mawili, wenzake wawili wanashika pembeni, na tairi linaondoka. Nawakimbilia nikishika sketi, wananiacha mpaka kwenye lango la shule. Askari ameshafunga.