Betri, dogo na giza la Ijumaa

Leo nimemuomba dogo radhi. Kaniitikia tu "freshi bro" akaendelea na mihogo yake, na hicho ndo kinaniuma, bora angenikoromea tukamaliza.

Stori yenyewe ni hii. Tangu niache DSLR yangu ya zamani, ile kamera yenye kioo ndani, nikaingia mirolesi, isiyo na kioo (nimeichukua mtumba Dar, iko safi, sina ugomvi nayo) betri ndo imekua kilio changu. Ile ya zamani naichaji Alhamisi, harusi ya Jumamosi inaisha na betri bado ina kipande. Hii naitoa nyumbani saa nne fulu, saa saba inapepesa nyekundu. Najua zinatofautiana, DSLR ukichungulia unaona mwanga ule ule unaopita kwenye lenzi na kugonga kioo, haili umeme wa maana mpaka ubonyeze, ila mirolesi kila unachokiona ni skrini, na sensa, kile kidude cha ndani kinachonasa picha, iko kazini muda wote kamera ikiwa on. Kitabu chake kinasema chaji moja inapiga picha 360 ukitumia skrini ya nyuma, 310 ukichungulia kwenye kile kidirisha cha juu. Sawa, nimekubali. Lakini mimi nilikua napata 140, siku njema 150.

Sasa harusi ya Mikindani. Maharusi wameshuka kwenye gari pale Boma, mwanga wa jioni umetulia ule ambao haurudi tena mpaka kesho, shela linapepea, nainua kamera, giza. Betri ya tatu hiyo. Nikamgeukia dogo mbele za watu: "We hizi betri unazichaji kweli au unachomoa uchaji simu yako?" Akasema nimechaji bro, taa ya chaja imezima yenyewe. Nikamwambia usinidanganye. Mama wa bibi harusi akasogea akaniambia kwa sauti ya chini, mwanangu, usimgombeze mdogo wako kwenye shughuli ya watu. Picha za Boma nikamalizia kwa simu, na mpaka leo nikiziona roho inanisuta.

Baada ya hapo nikaanza kuhangaika kama mganga asiyejua ugonjwa. Nikanunua betri mbili za bei chee, zimeandikwa mAh 2000, yaani kiasi cha chaji inachobeba, wakati orijino imeandikwa 1020, halafu ukizishika mkononi hizo za 2000 ndo nyepesi, hapo tu ningeshtuka. Moja imevimba ndani ya wiki mbili, kuitoa kwenye kamera ilikua shughuli ya kucha na maombi. Nikasafisha vile vichuma vya betri kwa spiriti maana huku kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu. Nikazima waifai na Bluetooth, nikaweka hali ya ndege kabisa, nikazima ile setingi ya kamera kutafuta fokasi yenyewe hata kabla hujagusa kitufe (hii inakula kimya kimya, kama unayo kaizime leo), nikapunguza mwanga wa skrini. Nikatoka 150 nikafika 190. Ahueni ipo, ila bado sio.

Ijumaa umeme ukakatika. Tumekaa barazani na dogo, giza totoro, mimi nilikua naangalia picha nikaiachia kamera ininginie shingoni, tunapiga stori. Dogo akanyamaza, akaniangalia, akasema, "Bro, mbona tumbo lako linawaka?"

Nikainama. Kwenye shati, pale kidirisha kilipoegemea, kuna kamwanga kadogo kanatoka. Pembeni ya kile kidirisha kuna kasensa kanakojua kama umeweka jicho, ukiweka jicho skrini ya nyuma inazima na ya ndani inawaka. Sasa kenyewe hakajui jicho na shati. Nilikua nimeiseti ilale baada ya dakika moja, basi tukakaa tunahesabu kwa simu ya dogo, dakika moja, mbili, tano, hailali, inatazama shati. Nikaiweka mezani, kidirisha kikiwa wazi, dakika haijazidi ikalala.

Yaani jamani. Mimi nahesabu picha nilizopiga kumbe ilibidi nihesabu masaa. Safari za Mtwara mpaka Lindi zaidi ya kilomita 100 kamera iko kifuani, swichi iko on, macho kodo kwenye shati langu. Na hata zile 360 za kitabuni, wanaoweka viwango vya kupima betri za kamera wanapima kwa kupiga picha moja kila sekunde 30, wanazima na kuwasha kila baada ya picha 10, hawaiachi inaninginia nusu siku. Ukipiga mfululizo unaweza kuzipita, ukizurura nayo ikiwa on hata nusu hufiki.

Nimeondoa ile ya kubadilisha yenyewe, nachagua skrini ipi kwa kitufe, na nikitembea nazima swichi kabisa, kuwasha ni kama sekunde mbili, hakuna bibi harusi anayekimbia kwa sekunde mbili. Jumamosi kwenye harusi ya Lindi betri ya kwanza, orijino ile ile niliyoitukana, imefika picha 338 ndo ikazima.

Na dogo alikua anachaji kila siku, taa inazima yenyewe, kama alivyosema.

Sasa hivi betri zote ziko mikononi mwake. Kazibandika vipande vya plasta, kila moja kaiandika namba na tarehe kwa bolpeni. Ile iliyovimba iko nje kwenye kopo la mchanga, nayo ina plasta yake, haina namba, imeandikwa "ya bro".