Si Ulinyamaza, Mama?

Juzi binti yangu alirudi jioni, miguu imejaa mchanga wa ziwani. Nilipomuuliza nani kamruhusu, akanitazama usoni: "Si ulinyamaza, mama?" Nikashindwa kumgombeza. Akili ilishakimbilia kwenye chumba cha kompyuta kule chuoni Malimbe, Mwanza, mwaka ule wa darasa la sheria la pamoja na Waholanzi kwa njia ya mtandao.

Zoezi lilikuwa la mauziano. Wanafunzi wangu wanauza minofu ya sangara, wenzao wa Uholanzi wananunua, mzigo unasafiri kwa ndege. Tanzania haikuwa imejiunga na Mkataba wa Vienna wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa, ingawa Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa, ilijiunga 1992. Ila pande zote mbili zilichagua sheria ya Uholanzi, nchi ambayo ni mwanachama, kwa hiyo Vienna ikaingia kwa mlango huo. Wiki za mwanzo ziliishia kwenye salamu, intaneti kukatika na kupatana saa za kukutana.

Siku ya kipengele cha malipo ndiyo siisahau. Kijana wa upande wa pili alipendekeza walipe siku 60 baada ya mzigo kufika. Wangu wakanyamaza. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikawaona wanavyoinamisha vichwa, mmoja anazungusha kalamu, mwingine anafunua daftari asilolisoma. Feni tu ndiyo iliyokuwa inasikika. Aliyekulia huku angejua kwamba hawa wamekataa, wanatafuta namna ya kusema bila kumvunjia mwenzao heshima. Yule kijana kwenye skrini akasubiri kidogo, akashukuru kwa makubaliano, akayaandika kwenye muhtasari wa kikao na kuhamia kipengele kinachofuata.

Ndipo binti mmoja, ambaye mama yake anauza samaki Mwaloni Kirumba, akawasha maiki akamwomba arudi nyuma. Akamsomea Ibara ya 18 ya Mkataba wa Vienna: ukimya peke yake hauhesabiki kuwa ni kukubali. Kisha akamweleza walichokuwa wanakiwaza. Mvuvi akileta samaki asubuhi anataka hela yake asubuhi hiyohiyo, kuna petroli ya injini, kuna barafu. Siku 60 zote hizo nani atambeba?

Mholanzi hakukasirika. Akafungua Ibara ya 8, akasema mwenendo wa mtu hupimwa kwa namna ambavyo mtu mwenye busara wa upande wa pili angeuelewa. Upande wa pili ni sisi, akasema, na kwetu asiyekubali husema. Wakashikana hapo kwa hoja mpaka muda ukaisha, na mimi sikuingilia hata kidogo. Ibara zile nilizifundisha miaka mingi, zikakaririwa, zikajibiwa kwenye mtihani. Siku ile nilizisikia zikibishaniwa na watu wanaozihitaji, nikafurahi mno.

Walimalizana kikao kilichofuata: sehemu ya fedha mzigo ukipakiwa, salio ukishafika.

Tangu hapo nawazoesha wanafunzi kutamka "hatukubali" palepale, na wanaiweza. Mwenzangu wa idarani anapinga. Anasema ilitosha kuwafundisha wanunuzi kuuliza mara ya pili, kwamba heshima ya vijana wetu haikuwa na kasoro ya kurekebishwa. Namjibu kwamba mnunuzi wa kweli hatauliza mara ya pili. Hapo huwa anainamisha kichwa, na hoja yake bado sijaipatia jibu linaloniridhisha mwenyewe.