qPCR ya Chlamydomonas ilikuwa inagoma, hivi ndo nilivyoitatua

Wadau, Chlamydomonas reinhardtii, algi ya seli moja, jenomu yake (DNA yake yote) imejaa G na C, herufi mbili kati ya nne za DNA, karibu asilimia 64, sasa mimi nilikuwa nazinyima nitrojeni hizi algi nione jeni za kutengeneza mafuta kama DGTT1 zinapandaje, lakini qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni) inatoa namba zinazorukaruka, mara ipo mara haipo. RNA yenyewe, yaani nakala ambazo jeni zinatoa zikifanya kazi, safi kabisa. Shida ni kwamba RNA yenye GC nyingi inajikunja, kimeng'enya cha kuigeuza kuwa cDNA (nakala ya DNA ambayo qPCR inaisoma) kinakwama njiani. Nikachukua kimeng'enya kinachovumilia joto, nikakiendesha digrii 55 badala ya 42, na kwenye PCR nikaongeza betaini, kemikali inayosaidia kufungua DNA yenye GC nyingi. Hapo grafu zikatulia!

Kingine, na hiki watu wanakipuuza sana jamani, seli zikikosa nitrojeni zinavunja ribosomu zake zenyewe (viwanda vya protini), kwahiyo ukitumia rRNA ya 18S, ambayo ni RNA ya ribosomu hizo, kama kipimo cha kulinganishia unapotea kabisa. Mimi nilihesabu seli kwanza, nikaweka RNA ya kutoka nje iwe ndo kipimo cha kulinganishia, kiasi kilekile kwa kila seli milioni, kabla hata ya kuzipasua, ndo nikaiona DGTT1 inapanda kweli ukilinganisha na seli zilizoshiba.